Silaha ya Kujilinda kwa Anayeishi Mpanda na Katavi: Ipi, kwa Nani, na Shari'ah Inasemaje

 

Mkoa wa Katavi uko mbali na visiwa vyetu, upande wa magharibi kabisa wa Tanzania, ukipakana na Ziwa Tanganyika. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Hata hivyo familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao kule. Yuko mwenye duka la nguo au vipuri, yuko mwalimu aliyepangiwa skuli, yuko aliyefuata dhahabu Dirifu na Ibindi, na yuko anayenunua mchele, au asali ya Inyonga ambayo warinaji wake hukaa porini wiki nzima na zaidi. Suali linalorudi kutoka kwa wazazi ni moja: kijana analala peke yake na fedha ya watu, au analala kambini na simba wananguruma, je, tumchangie anunue bunduki? Ikiwa ndiyo, ipi? Na akimpiga mtu, hukmu yake nini mbele ya Allaah?

Tutaanza na la mwisho, kwa sababu anayelijua hilo huenda asihitaji mengine.

Hukmu ya kujilinda

Hapana khilafu kwamba Muislamu ana haki ya kujilinda. Katika Hadiyth waliyoipokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy kutoka kwa Sa'iyd bin Zayd (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amewahesabu kuwa ni mashahidi wanaouliwa wakilinda mali yao, nafsi yao, dini yao na ahli zao. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) kisa cha mtu aliyeuliza afanye nini akijiwa na mtu anayetaka kuchukua mali yake. Akaambiwa asimpe, na akipigwa vita apigane.

Watu wengi huishia hapo. Fuqahaa hawakuishia hapo. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy mlango huu unaitwa mlango wa swaail, yaani mshambuliaji, na Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj ameuweka kwa ngazi. Mshambuliaji husukumwa kwa jambo jepesi zaidi linalotosha. Ikiwa atazuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa kuomba msaada, basi kumpiga ni haramu. Ikiwa mkono unatosha, fimbo ni haramu. Ikiwa fimbo inatosha, kumkata kiungo ni haramu. Kuua ni ngazi ya mwisho kabisa. Na lililo zito zaidi kwa vijana wetu kulisikia ni hili: ikiwa mtu anaweza kukimbia akasalimika, basi kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba inampasa akimbie, na kupigana kunakuwa haramu kwake.

Aliyefuata ngazi hizi kisha mshambuliaji akafa, hana kisasi, hana diya wala kafara. Aliyeziruka ana dhamana ya damu hiyo.

Tuulete mlango huu Mpanda. Mwizi ameingia dukani usiku, umewasha taa, umepiga kelele, naye ameruka ukuta na fungu la vitenge mgongoni. Ukimpiga risasi akiwa anakimbia hujajilinda, kwa sababu shambulio limeshakwisha, umeua. Vitenge havilingani na roho. Fuqahaa wamesema kuilinda mali isiyo na roho inajuzu, haikuwa wajibu, kwa hiyo mwenye duka anaweza kuiacha iende na asipate dhambi yoyote. Kuwalinda watu wa nyumbani na heshima yao, hilo ndilo wajibu. Kama mshambuliaji ni mnyama, kumzuia kwa ajili ya kuokoa roho ni wajibu vile vile. Kama ni Muislamu mwenzako anayetaka kukuua, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba unaruhusiwa kujisalimisha, na mfano uliotajwa ni Sayyidnaa 'Uthmaan (Radhwiya Allaahu 'anhu), ambaye mwaka 35 Hijriyyah alizungukwa nyumbani kwake akawazuia waliokuwa tayari kumpigania.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inampa mtu haki ya kujilinda nafsi yake na mali yake, lakini kwa nguvu inayolingana na khatari. Hakimu ataangalia mtu alikuwa amesimama wapi, ameelekea wapi, na ameshika nini.

Gobore, na kwa nini tunasema hapana

Anayefika vijiji vya Mlele, Mpimbwe au Tanganyika atakutana kwanza na gobore. Ni bunduki ya kushindilia baruti na risasi kwa mbele ya mtutu, nyingi zikitengenezwa na mafundi wa kienyeji. Historia yake inatuhusu sisi wa visiwani kuliko tunavyopenda kukumbuka. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa ndiyo mlango mkubwa wa bunduki chakavu za Ulaya kuingia bara. Misafara iliyokwenda Tabora na Ziwa Tanganyika ilibeba bunduki na baruti na kurudi na pembe na watumwa. Mirambo wa Unyamwezi na rugaruga wake walipigana kwa bunduki za biashara hiyo hadi alipofariki mwaka 1884. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulipozuia silaha kuingia sehemu hii ya Afrika, zilizokuwa zimeshaingia zilibaki, na ufundi wa kuziiga ukabaki nazo. Hata neno letu bunduki limetoka Kiarabu.

Mtu atakwambia gobore ni rahisi, ni la kujitafutia riziki, na kila mtu analo. Lakini hebu litazame kama chombo cha kujilinda. Lina risasi moja tu. Ukishafyatua unahitaji muda wa kushindilia upya, na huyo nyati uliyemjeruhi hakupi muda huo. Baruti ikipata unyevu, na masika ya Katavi si ya mchezo, huwezi kujua kama litawaka au litakaa kimya. Mtutu wake haukupimwa na yeyote, hivyo siku moja unaweza kupasuka mbele ya uso wa mwenyewe. Juu ya hayo halina namba wala leseni, na taarifa za polisi za huko hutaja magobore mara kwa mara, pamoja na watu waliokamatwa nayo. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mashtaka yake huendeshwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Mzazi wa Wete au Makunduchi aliyewahi kuhangaikia dhamana ya kesi ya aina hiyo mikoa mitano mbali na kwake anajua maana yake.

Kwa hiyo rai yetu ni wazi: haijuzu kulinunua wala kulitumia. Lina madhara kwa mwenyewe, na Shari'ah imekataza kudhuru na kudhuriana. Na ndani yake kuna kuivunja sheria ambayo haikuamrisha maasi yoyote, bali imewekwa kuhifadhi roho za watu.

Baya zaidi ya gobore ni silaha ya kivita inayouzwa kwa siri. Vita vya Burundi na vya mashariki ya Kongo vilivusha silaha nyingi kupitia Ziwa Tanganyika, na bunduki za rashasha za namna hiyo zimewahi kutumika katika ujambazi wa barabarani kanda ile ya magharibi. Hakuna raia anayepewa leseni ya rashasha. Aliyeuziwa kwa bei nafuu huenda amenunua bunduki iliyokwishaua, na akikamatwa nayo ndiye atakayeulizwa iliua nani. Wanachuoni wamechukia hata kuuza silaha wakati wa fitnah, na Al-Bukhaariy amenukuu karaha hiyo kutoka kwa Swahaba 'Imraan bin Huswayn (Radhwiya Allaahu 'anhu).

Katika silaha halali, ipi?

Zinazobaki ni tatu: bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani, raifo, na bastola.

Bastola ndiyo inayotamaniwa zaidi na wafanyabiashara, na ndiyo tunayoishauri kidogo zaidi. Inafichika kiunoni, ndio, lakini ni ngumu kulenga kuliko bunduki ndefu, hasa kwa mtu aliyeamshwa usingizini mikono inatetemeka. Risasi yake ikikosa hupita mlango wa mbao na ukuta wa udongo na kumkuta aliyelala chumba cha pili au nyumba ya jirani. Na kwa sababu iko kiunoni, iko pia kwenye ugomvi wa foleni, wa mpira na wa ndoa. Mnunuzi wa dhahabu anayetembea na fedha taslimu Dirifu anaweza kuwa na hoja. Mwenye duka la nguo Mpanda mjini, fedha yake ikiwa kwenye simu au benki kila jioni, hana.

Raifo hupiga mbali na kwa nguvu. Ni silaha ya mwindaji mwenye leseni na ya askari wa wanyamapori. Ndani ya mji ni khatari kwa watu wasiohusika, kwa kuwa risasi yake huendelea na safari baada ya kupita ilipolengwa. Na kwa wanyama wakubwa raifo ndogo haitoshi. Wawindaji wa nyati na tembo hutumia zile nzito, kuanzia kipimo cha .375, na bado hufuatana na mtu wa pili mwenye bunduki. Mkulima mwenye raifo nyepesi akimpiga tembo amemkasirisha tu.

Bunduki ya marisau, ile ya kipimo cha 12, ndiyo iliyo karibu zaidi na haja ya mtu anayeishi pembezoni mwa kijiji. Ni rahisi kujifunza, haihitaji ulengaji wa mbali, chembe zake hupoteza nguvu mapema kuliko risasi ya raifo, na mlio wake peke yake huwatawanya nyani na nguruwe shambani na hata simba wanaozunguka zizi. Ya mitutu miwili iliyo bega kwa bega ina ubora mmoja ambao fundi yeyote atakwambia: ukiikunja unaona kwa macho kama ina risasi au haina. Kwa nyumba yenye watoto, hilo tu lina thamani kuliko kasi. Lakini isidhaniwe kuwa itamsimamisha tembo au kiboko. Haiwezi.

Na hapa inafaa kusema wazi kwamba kwa wanyama wa Katavi bunduki huwa si jibu la kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Katavi inajulikana kwa viboko wake: kiangazi Mto Katuma ukikauka hujazana kwa mamia kwenye madimbwi machache kama ya Ikuu. Usiku kiboko hutoka kula majani, na anayeumizwa mara nyingi ni yule aliyesimama baina yake na maji. Kujua njia yake kunaokoa kuliko mtutu. Tembo huchukia pilipili na nyuki, na wakulima sehemu nyingi za Tanzania hufunga kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu, au hupanga mizinga ya nyuki kuzunguka shamba. Kwa mkoa wa asali kama huu, hiyo ni faida mbili. Zizi lenye miba mirefu na taa, kulala watu watatu badala ya mmoja, tochi kali, filimbi, na kutotembea alfajiri kando ya mto, hivi ndivyo warinaji wa asali wanaorudi salama wanavyoishi. Na asiiache dua ya kuteremka mahali, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Khawlah bint Hakiym (Radhwiya Allaahu 'anhaa). Hirizi ya kuzuia simba au risasi ni jambo jengine, halimo katika dini, na waliopigana Maji Maji mwaka 1905 waliona risasi za Mjerumani zikipita kwenye maji yale.

Aliyelazimika kumuua mnyama kwa kuokoa roho yake atoe taarifa haraka kijijini na kwa maafisa wa wanyamapori. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kujitetea nafsi kunatambuliwa, lakini pembe, ngozi na meno ni nyara za Serikali. Akificha, ulinzi unageuka ujangili. Na ikiwa mnyama ndiye aliyejeruhi au kuua mtu, au aliyekula shamba, ziko kanuni za mwaka 2011 za kifuta machozi na kifuta jasho. Kiasi chake si kikubwa, lakini ni haki ya familia, na familia nyingi za visiwani hazijui kwamba ipo.

Wapo pia wanaouliza kuhusu nyama ya mnyama aliyepigwa kwa bunduki. Msingi wake ni Hadiyth ya 'Adiyy bin Haatim (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwa Al-Bukhaariy na Muslim: kinachotoboa kwa ncha kinaliwa, kinachoua kwa uzito na kwa upana wake hakiliwi. Fuqahaa wetu wa zamani walikuwa wakali kuhusu tufe la bunduki kwa sababu hii. Wengi wa wanachuoni wa sasa wanahalalisha risasi inayopenya, kwa sharti la kutaja jina la Allaah wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa hai basi achinjwe. Lakini aliyewinda bila leseni, hata bismillaahi yake haimtoi kwenye dhambi ya kuchukua kisichokuwa chake.

Njia ya kuipata

Maombi huanzia chini: serikali ya kijiji au mtaa ndiyo inayomjua mwombaji, kisha hupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi wa wilaya na mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha. Mwombaji huangaliwa umri wake, akili yake, rekodi yake ya makosa, sababu yake na uwezo wake wa kuitumia na kuihifadhi. Kijana aliyefika Mpanda mwezi uliopita, anayebadilisha nyumba kila baada ya miezi mitatu, asitegemee kupata, na kwa maoni yetu asiombe. Mtu hununua kwa muuzaji aliyeruhusiwa tu, na leseni yake si ya kuazimana. Ukimpa ndugu bunduki yako akalinde shamba wiki moja, mnavunja sheria nyote wawili.

Pia asisafiri nayo kimya kimya. Wako waliofikiri kwamba kwa kuwa leseni ni halali wanaweza kuifunga ndani ya mzigo wa mchele na kupanda nayo boti ya kwenda Unguja. Bandarini hatapatikana mtu wa kumwelewa. Silaha hutangazwa kwa polisi kabla ya safari.

Bunduki ndani ya nyumba

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza mtu kumuelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Hadiyth hii imo kwa Al-Bukhaariy na Muslim. Ya Muslim pekee inaongeza kwamba Malaika humlaani anayefanya hivyo, hata kama ni ndugu yake wa baba na mama. Amekataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Ameamrisha aliyebeba mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake. Ameamrisha hata taa izimwe usiku, panya asije akaichoma nyumba. Anayezikusanya Hadiyth hizi hahitaji mwanachuoni wa kumweleza bunduki iwekwe vipi: ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani, bila risasi, risasi kwenye kufuli lake peke yake, funguo mfukoni mwa baba, na watoto wasioneshwe inakaa wapi. Mzaha wa kumwelekezea mke au mtoto bunduki "isiyo na risasi" ni haramu, na ndio uliozika watu wengi.

Ikitokea bunduki ikafyatuka kwa bahati mbaya na kuua, hilo ni katika kuua kwa makosa ambako kumetajwa katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 92. Inapasa diya kwa warithi wa marehemu isipokuwa wasamehe, na kafara, ambayo kwa zama hizi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na kwa madhehebu ya Shaafi'iy muuaji harithi, hata kama aliyekufa ni mwanawe na hakukusudia. Baba anayetaka kununua bunduki kwa ajili ya kuwalinda watoto alisome hili mara mbili.

Jambo la mwisho ni mirathi, na ndilo linalowapata watu wa visiwani ghafla. Mzee amefariki Mpanda, warithi wamekwenda kufunga duka, na chini ya kitanda wamekuta bunduki. Leseni ilikuwa ya marehemu na imekwisha naye. Isiguswe na mtoto wala kugawiwa, na isiletwe Pemba. Ipelekwe kituo cha polisi pamoja na leseni na cheti cha kifo, ichukuliwe risiti, na msimamizi wa mirathi aulize utaratibu wa kuiuza kwa mwenye kibali au kumhamishia mrithi anayestahiki leseni. Kinachogawiwa kwa mafungu ya Shari'ah ni thamani yake. Na kama kilichokutwa ni gobore lisilo na karatasi, hilo halina thamani ya kugawa. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kwa kawaida Septemba na Oktoba. Nje ya vipindi hivyo, warithi wasilibebe barabarani wenyewe. Waliache lilipo, wamwite mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na awepo shahidi wakati polisi wanalichukua.

Wa Allaahu A'lam.